Kadi Arobaini na Mbili

Saa saba za usiku, Wroclaw, mwezi Mei.
Bogna amevaa chupi nyekundu ya bahati,
ileile ya kwenye dansi, siku mia kabla ya mtihani.
Mezani kadi arobaini na mbili:
dhamira kwa wino wa kijani,
tamathali kwa buluu,
wahusika waliokufa, msalaba mdogo pembeni.

Ameyapasua mashairi kama samaki,
miba huku, minofu kule.
Sasa hakuna hata moja linaloogelea.

Mlango unalia. Babake, dereva wa tramu,
ananuka breki na mvua.
Anaokota kadi, anaigeuza, hasomi.
Anafumba macho, anauanza ubeti
aliofundishwa mwaka ule alioufeli mtihani huuhuu,
huku akivua kiatu,
akikwama kwenye mshororo wa tatu, akirudi nyuma
kama mtu aliyesahau funguo.

“Mshairi alikusudia nini?” Bogna anamuuliza,
kalamu ya kijani tayari.

“Sikujua. Ndiyo maana nilifeli.
Lakini kituo cha mwisho, tramu ikiwa tupu,
huwa nausema kwa sauti.”

Bogna anaifunika kalamu.
“Rudia,” anasema. “Pale ulipokwama.”