Fomu ya Lusajo

Lusajo, fomu yako nimeipokea,
na kalamu uliyoifunga uzi isiibwe.
Swali la saba: Nini kinakufanya urudi Tukuyu?
Visanduku vitano. Hewa. Mandhari. Bei. Chakula. Mengineyo.
Nimekaa nayo tangu chai ya saa nne;
ukungu umeumeza mlima Rungwe mzima,
ukautema nusu, ukaumeza tena,
na mimi sijaweka hata alama moja.

Hewa? Nzuri, lakini hewa haina mwenyewe.
Njombe ipo, Mufindi ipo,
Makete kuna baridi ya kukata masikio.
Bei? Usinichekeshe. Nauli kutoka Dar,
na siku nzima ya magoti kuvimba kwenye basi:
mhasibu mwenye akili timamu hafanyi hesabu hiyo.

Mara ya kwanza nilikuja na usingizi uliokatika.
Miezi kumi na moja nilisikiliza friji
ikiunguruma hadi adhana.
Daktari aliandika vidonge.
Shemeji aliandika jina la mama yako
nyuma ya risiti ya saruji.

Mama Subilaga hakuniuliza naumwa nini.
Alfajiri alisimama mlangoni na ndoo ya maji ya moto,
majani ya mkaratusi yakielea, akasema: Ugonile?
Nikamwuliza ndiyo nini. Ndiyo umelala?
Nikamjibu kweli: Sijalala.
Akacheka mpaka maji yakamwagika miguuni pangu.
Kumbe salamu tu. Huku kila mtu huulizwa,
muuza ndizi huulizwa, hata mwizi.
Ila tangu siku ile, mimi
aliniuliza kisha akasimama, akingoja jibu.

Mwaka wa tatu nilikwenda kwingine, nakiri.
Bwawa la maji ya buluu, taulo zilizokunjwa umbo la bata.
Nililala, sitaki kuwasingizia, nililala fofofo.
Asubuhi kijana mwenye tai akasema:
Karibu sana, Mia Mbili na Nne.

Mwaka jana ulikuwa chuoni Iringa, hukuona.
Nilikuta jiko limepoa, mama yako kitandani,
kikohozi kama mbao inayopasuliwa.
Wageni wawili walikuwa wanaondoka na mabegi yao.
Nikavaa mabuti yangu ya mpira
(yako chini ya ngazi, jina langu kwa chaki),
nikapasua kuni mbichi, moshi ukanitoa machozi yote
niliyokuwa nimeyawekea akiba,
nikamkalisha, chungu katikati ya miguu,
blanketi juu, nikamfukiza.
Usiku kucha nilihesabu pumzi zake.
Zangu nikazisahau.

Kulipopambazuka nikasema mimi: Ugonile?
Akafikiri kwanza, kama mtu anayetafuta chenji.
Kidogo, akasema. Wewe je?
Sikumbuki nilimjibu nini.
Anasema nilikuwa nimeshasinzia,
shavu juu ya ndoo, mdomo wazi.

Basi, mwanangu, kisanduku hicho hukukichora,
wala sikudai ukichore; utawachanganya wageni.
Swali la nane, unataka kujua turekebishe nini.
Dirisha la chumba namba nne halifungi,
baridi inaingia na harufu ya majani ya chai.

Liache hivyohivyo.
Na Julai usimpe mtu.