Joho Lenye Mfuko

Wa kwanza alidondoka mfukoni mwa koti
la robota la Tangamano, nilipokuwa nalipunguza mabega.
Kimo chake hakifiki shibiri,
kifua kimevimba kama aliyemeza kikombe,
chupi kaivaa juu ya suruali.
Nikacheka peke yangu, Barabara ya Kumi na Mbili,
mpaka muuza mihogo akachungulia:
"Fundi, kheri?"
Kheri. Nimepata mgeni.

Chini ya unyayo wake pameandikwa jina kwa wino,
mwandiko wa mtoto anayejifunza, herufi mbili zimegeukia nyuma.
Sikulisoma vizuri. Silisomi mpaka leo.
Mgongoni ana tundu mbili ndogo
pale lilipokuwa joho, na fundi haachi tundu wazi.
Nikamkatia kipande cha satini
kilichobaki kwenye gauni la Mwanaheri,
yule aliyeolewa Pangani, akarudi kabla sijalipwa.

Waja leo waondoka leo, ndivyo Tanga inavyosemwa;
huyu akaja asiondoke, akaita wenzake.
Nimewatoa kwenye magunia ya Jumamosi, mia tano mia tano,
wamechanganyika na viatu vya upande mmoja.
Asiye na mkono.
Mwenye kichwa cha mwingine.
Mwanamke wa mbawa, bawa moja limetafunwa
na mbwa wa huko kwao.
Sasa ni arobaini na mmoja. Majina yao halisi anayajua Hoza,
mtoto wa jirani, anayataja mbiombio kama anayesomewa deni.
Mimi nina yangu: Bwana Ngurumo. Bi Mbio. Shoti.
Na Kipara wa Kijani, ambaye Hoza anasema si shujaa kabisa,
ni adui, tena adui mdogo,
kwenye kitabu cha picha anakufa ukurasa wa tatu.
Nimemshonea joho vilevile. La kaniki, lenye pindo.

Wifi yangu Mwantumu hapendi.
"Malaika hawaingii nyumba ya masanamu."
Namjibu hawa si masanamu, ni wateja.
Lakini siku ya hitima ya kaka yake
niliwalaza wote kwenye kabati la vyombo, kifudifudi,
nikawafunika khanga, na khanga yenyewe, bila kukusudia,
imeandikwa YALIYOMO YAMO.
Akasoma. Akanitazama.
Tukala wali.

Mwaka huu macho yameanza kunidai.
Uzi naulamba, naulenga,
unapita kando ya tundu kama haunijui.
Juzi niliinua uso nikawaona wamejipanga rafuni,
wainua magari, wasimamisha treni
(na treni ya hapa iliwahi kusimama miaka, bila msaada wao),
na ngumi zao zilifungwa huko huko kiwandani, hazifunguki.
Arobaini na mmoja,
na hakuna hata mmoja wa kunitungia uzi.

Hoza alikuwa mlangoni na baiskeli ya baba yake, tairi haina pumzi.
Akaniona ninavyolenga. Hakusema kitu.
Akatunga sindano saba, moja kwa kila siku,
akazichoma kwenye kimto changu na mikia yao ya uzi,
nyeusi, nyeupe, nyeupe, ya maji ya kunde.
Nikamwambia chagua mmoja, yeyote.
Nilijua atamchukua Bwana Ngurumo; nilishajiandaa kuumia.
Akazunguka rafu, akamgusa huyu, akamnusa yule,
akamchukua Kipara.
"Si ulisema ni adui?"
"Ndiyo. Ila joho lake lina mfuko."

Kweli. Nilisahau.
Nilimwekea mfuko, sijui abebe nini.
Ndani yake Hoza amekwisha tia
punje ya mahindi na risasi ya gololi ya baiskeli,
akaondoka anaikokota, hakuaga.

Kwenye rafu pale pamebaki wazi, upana wa vidole vitatu.
Sijapajaza.
Leo zimebaki sindano mbili.
Nimeanza kutazama mlangoni.