Mtoto wa Korido

Buguruni Malapa, nyumba ya vyumba sita,
mlango wa mbele wazi, wa uani wazi,
na mimi na kizibao cha karani, kishikwambi mkononi:
"Nani alilala humu usiku wa kuamkia leo?"

"Tunu," akasema Bi Mwanakombo, chumba cha pili.
"Mwandike kwangu. Sahani yake hii hapa, ya bluu."
"Tunu," akasema Mama Zamoyoni, chumba cha tano.
"Mwandike kwangu. Godoro lile juani ni mkojo wake."

Semina walitufundisha: kaya ni chungu kimoja.
Kimoja!
Hapa chungu kinahama
kama zamu ya kufagia uwanja.

Nikamwita mwenyewe. Akaja na kitana kimesimama kichwani,
nusu ya kichwa imesukwa, nusu inangoja.
Mama yako?
"Yuko Maskati. Analaza watoto wa watu, mapacha. Nawajua majina."
Baba?
"Tunduma. Hela anatuma kwenye simu ya Mangi."
Na Bi Mwanakombo, ni bibi yako?
"Si wa damu. Mama alipanga kwake."
Basi Mama Zamoyoni, shangazi?
"Ana neti."

Ana neti.
Niliitafuta neti kwenye orodha:
mtoto, mjukuu, ndugu mwingine, si ndugu.
Kishikwambi hakitaki pengo. Hakisongi mbele.

Nikiwasikiliza wote wawili, nchi itapata Tunu wawili;
nikisita, itamkosa kabisa.
"Niandike korido," akasema,
akaikanyaga ile saruji nyeusi
iliyong'arishwa na nyayo za wapangaji waliokwisha kuhama.
"Milango yote inafungukia huku."

Nikabonyeza. Sitasema wapi.
Akarudi mbio kumalizia kichwa,
na anayemsuka, nikaona, ni wa chumba cha nne,
ambaye hakudai kitu.

Saa nane mchana, nyumba ya mwisho,
nilikaa kibarazani nikaomba maji,
nikakumbuka sijampigia mama yangu, Kilosa.
Usiku wa kuamkia leo Sadala wangu alilala kwake,
miaka minne, mguu mmoja juu ya mbavu za bibi,
na karani nisiyemjua
atakuwa amekwisha kupita, ameuliza swali langu hilihili,
na mama amejibu upesi,
kama mtu anayefunika chungu mvua ikianza:
"Huyu? Huyu wangu."