Upande wa Gundi

Stempu zilitufikia Jumanne,
theluji ikiwa bado ngumu kwenye ngazi za posta
ya mji wetu mdogo kando ya ziwa Erie.
Stempu hamsini kwa karatasi, senti ishirini na tano kila moja:
farasi, mbuni, simba mwenye mkia wa dhahabu,
na gurudumu kubwa lililopakia watu
wadogo kuliko nukta.
Mkuu wetu, Bwana Delbert Ostrander, akabandika bango,
*Bembea za Tamasha na Historia Yake*,
akatuagiza tutabasamu.

Nikatabasamu. Nikauza.
Mwenye duka la maua alitaka simba peke yake.
Simba huja na jirani zake, nikamwambia.

Kisha akaja Bi Bronislawa Kurek,
miaka themanini na miwili, buti za kiume,
akaomba stempu moja ya farasi
na miwani yangu.
Akaitazama kama daktari atazamavyo koo.

"Huyu katoka kiwandani kwetu," akasema.
"Ila wamemchora upande wa watu."

Foleni ilikuwa imefika mlangoni.
Akaeleza hata hivyo, na foleni ikanyamaza:
bembea za nchi hii huzunguka kinyume cha saa,
na farasi huwapa watazamaji ubavu wa kulia.
Huko ndiko waliko waridi na vito vya kioo,
na singa zipepeazo pasipo upepo.
Huko alichonga fundi mkuu, Bwana Stoltz,
aliyevaa tai hata penye vumbi la mbao.
Ubavu wa kushoto, unaotazama injini na grisi,
aliachiwa mwanagenzi.
Singa zilizolala. Hatamu tupu. Rangi mkono mmoja.

"Mwanagenzi huyo ni baba yangu.
Miaka kumi na tisa, kushoto tu."

Ilimuuma? nikauliza.

"Hakuwa na Kiingereza cha kutosha kulalamikia."

Lakini Jumapili, siku ya nusu bei, alimpakia bintiye
akamshika mkono, akaupitisha chini ya tandiko,
kushoto, kusikotazamwa na mtu:
hapo palikuwa na mshipa,
mmoja, mwembamba, toka kwapani hadi tumboni,
mshipa wa farasi aliyevuta mzigo asubuhi nzima.
Baba alikuwa amewajua farasi wa namna hiyo, huko kwao.
Upande wa kulia haukuwa na mshipa.
Waridi hazikuuachia nafasi.

Bustani ile ilifungwa. Bembea ikauzwa vipande vipande.
Farasi mmoja, alisikia, yuko ndani ya benki mjini Cleveland,
ametundikwa juu ya meza ya mikopo,
ubavu wa kushoto ukutani.

Kizuri chajiuza, husema watu.
Sijasikia wakisema nani hukibeba hadi sokoni.

Akaigeuza stempu.
Nyuma nyeupe, inang'aa kidogo, haina farasi wala bei.
Akairamba polepole, kama mtu aonjaye mchuzi wa mwenzake,
akaibandika kwenye bahasha, akaikandamiza kwa kidole gumba,
akahesabu kimoyomoyo hadi kumi.
Nilidhani ni barua kwa ndugu, au kwa ile benki.
Ilikuwa bili ya gesi.

Muhuri ulikuwa mkononi mwangu.
Kwa kawaida naupiga bila kuangalia, mara mia sita kwa siku.
Safari hii niliulenga pembeni, wino ukagusa kwato moja tu,
na Bwana Ostrander akaniita ofisini
kunikumbusha kanuni.

Jioni, nikifunga hesabu, niligeuza karatasi iliyobaki.
Migongo thelathini na saba.
Nikaramba mmoja.
Utamu mwanzoni, kisha kitu kama mbao mbichi,
au labda nilitaka kiwe hivyo.

Bili ilifika. Gesi hawakumkatia.