Kizingiti

Inchi saba.
Fundi Wesonga alipima mara mbili,
penseli sikioni, goti moja kwenye vumbi la Kivumbini,
akasema kila inchi ya kimo inadai futi moja ya mteremko.
Nikapiga hesabu kabla yake:
ujia wa ploti yetu una futi tano,
kisha ni ukuta wa Mama Chelagat,
na karai lake, na kuku wake.

Miaka minne nilibebwa kuvuka inchi saba.
Huyu mikono, yule miguu,
"polepole, shika vizuri, moja, mbili,"
kama kabati linalohama nyumba.
Sisemi walinibeba vibaya.
Nasema tu kabati haliulizwi linakwenda wapi,
wala halijibani kibofu saa tisa usiku
likisubiri kuche.

Mwenye nyumba alisema kwenye simu:
"Kuvunja ni kuvunja. Utaacha kama ulivyokuta?"
Nikamwambia nitaacha kama nilivyokuta
siku nitakayohama.
Sikumwambia sihami.

Pesa? Chama kilinipa zamu ya Nyaboke,
naye akasubiri na bati lake linalovuja.
Bado nadaiwa. Naliandika hapa nisije nikalisahau.

Basi mteremko ukabidi upinde.
Ukatoka mlangoni kwangu, ukageuka kama kiwiko,
ukapita palepale Mama Chelagat anapofulia.
Nilikuwa na maneno yangu, nimeyanoa usiku kucha.
Akaitazama kamba ya fundi, akalihamisha karai,
akasema, "Lakini kuku watapanda."

Na kweli. Kuku ndio waliouzindua,
saruji ingali mbichi.
Nyayo zao zipo hadi leo,
nazikanyaga kila asubuhi,
gurudumu la kushoto likitetema kidogo.

Ndani, vitu vilishuka.
Swichi iliyokuwa ikinitazama kutoka juu kama askari
sasa iko usawa wa bega.
Jiko limekaa kwenye ubao, chini yake wazi,
magoti yangu yanaingia.
Kando ya choo kuna bomba la chuma
tulilolipata kwa wauza skrepa;
nalishika kama mkono wa mtu asiye na haraka.
Na mpwa wangu Jerotich akafunga balbu ya kuamrishwa kwa sauti.
Nasema "zima", inanipuuza.
Nasema tena kwa lafudhi ya msoma taarifa ya habari:
inazima.
Hata taa ina watu inaowaheshimu.

Siku hizi kijana wa gesi hupandishia mtungi hapo.
Mitungi ya maji hupandishwa hapo, na mtoto wa Nyaboke
huteremka na baiskeli isiyo na breki.
Mzee Kamunya, akitoka kwenye chupa zake,
anasema ngazi zilikuwa zikimchukia tangu zamani.
Wote wanauita "mteremko wetu".
Siku ya kuubeba mchanga sikuwaona,
lakini yaishe.

Jana saa nane usiku nilitaka chai.
Si kiu. Nilitaka tu.
Niliiwasha taa kwa kidole, sikutaka kubembeleza balbu,
nikakadiria majani kwa kiganja, maziwa yakafurika,
nikatamka neno ambalo kanisani hawajui ninalijua.
Nikaimimina kwenye kikombe chenye kifuniko,
nikakibana mapajani,
nikaufungua mlango,
nikateremka.

Hadi kwenye kona, pale mteremko unapokunja kiwiko.
Nikafunga breki.
Baridi ya Menengai ilikuwa ikishuka ploti kwa ploti,
mbwa mmoja akibishana na mwingine upande wa Bondeni.
Sikuwa na niendako.
Ndilo hasa nililokuwa nikilililia miaka minne,
na sikujua jina lake:
kutokuwa na niendako, na bado kwenda.

Chai ikaniunguza ulimi.
Hakuna aliyekuja mbio.