Kidole Gumba

Nakala mia tano, Kirinyaga Road.
Musembi wa mashine akazifunga kwa kamba ya katani,
akaniambia, "Dada, kuandika ulimaliza. Sasa uza."

Maboksi yakaingia uvunguni, Umoja,
nami juu yake usiku kucha
kama kuku aliyeatamia mayai viza.
Simu ikawa duka. Natuma picha ya jalada,
nangoja mlio: umepokea shilingi mia sita.
Mlio unakuja, ni swali:
"Iko PDF?"

Iko. Sikuitengeneza mimi.
Ilinifikia Jumanne katika kundi la mchango wa harusi,
juu yake imeandikwa: imesambazwa mara nyingi.
Kurasa zote, zimepigwa picha kwenye meza ya plastiki,
na pembeni, kila ukurasa, kidole gumba,
kucha imemeguka, ina manjano ya bizari.

Nilitukana hadi jirani akagonga ukuta.
Kisha nikamfuata mwizi wangu, ukurasa kwa ukurasa.
Wa ishirini, kapiga mstari.
Wa thelathini na tatu, tone. La chozi, au la chai.
Wa arobaini na moja, kwa penseli:
"Huyu Mzee Kilonzi si tulimzika ukurasa wa tisa?"

Tulimzika.
Mhariri hakuona. Dada yangu, aliyesema amesoma yote, hakuona.

Toleo la pili liko kwa Musembi.
Marehemu nimemwacha alale.
Wewe mwenye kidole, nakudai mia sita.
Nawe unanidai, ila sijui ngapi.