Hodi ya Tatu

Darasa letu liko orofani, juu ya duka la misumari,
Mkomani, ngazi zake hazilingani hata mbili.
Kompyuta nane. Zinazowaka ni nne na nusu:
ya tano huwaka ukiipiga kofi.

Siku ya kwanza Mwalimu Bunu hakuigusa hata moja.
Alitoka nje, akafunga mlango, akabisha.
"Hodi!"
Tukatazamana.
"Hodi!"
Twalib wa Wiyoni akajibu, "Hodi, karibu!"
"Ahsante, nishakaribia," naye akaingia,
akafuta jasho: basi, itifaki ndiyo hiyo.
Mashine haianzi kumwaga maneno kabla ya kuitikiwa.
Mmoja abishe, wa pili aitike, wa kwanza ashukuru,
ndipo mazungumzo.

Nikacheka ndani ya buibui.
Nyanya alinipiga kibao kwa jambo hili nikiwa na miaka sita:
hodi tatu, mwanangu, usipojibiwa geuka urudi,
nyumba ya watu si kisima.

Kisha akachana waraka vipande tisa,
orodha ya mahari ya mtu, aliiokota wapi sijui,
akavitia namba, akatugawia.
"Vipelekeni kwa Bi Mwanakombo, Langoni,
kila mmoja na ujia wake."
Kwenye kila kona alimsimamisha mtoto wa chuoni
asiyejua Bi Mwanakombo anakaa wapi,
anajua tu nani wa kuulizwa kona ya mbele.
Yatosha, alisema. Dunia nzima huenda hivyo,
hakuna aijuaye njia yote.

Cha nne kilitangulia.
Cha kwanza kilikuja nyuma ya cha nane,
maana punda wa saruji walikuwa wameziba ujia.
Cha sita kilidondoka mtaroni.
Bi Mwanakombo, miwani puani, akavipanga,
akapaza sauti ikafika kwa wauza samaki:
"Cha sita sijakiona!"
Tukaandika cha sita kingine, tukakikimbiza upya.
Hakuna aliyemgombeza aliyekipoteza.
Hilo ndilo nililolipenda:
kwamba walikubali tangu mwanzo kuwa vitu hupotea,
wakaweka ada ya kuulizana.

Nikajifunza kuwa kila kipande hupewa pumzi za kuhesabu,
kila kona hukata moja,
zikiisha kinatupwa, kisizurure milele
kama jini aliyesahau alitumwa na nani.

Usiku kaka yangu Famau akapiga kutoka Doha.
Analinda lango la jengo ambalo halijahamiwa.
Mama aliishika simu kwa mikono miwili, kama bakuli la uji.
Sauti ikakatika, ikarudi,
"…na hapo ndipo nitakapo…"
ikakatika. Kioo kikawa cheusi.

"We msomi," Mama akanigeukia,
"waulize. Walirudishe hilo lililoanguka."

Ningemwambiaje?
Jumanne ile ile Mwalimu alikuwa ametufundisha:
barua husubiriana, sauti haisubiri.
Sauti hurushwa tu, kama ufunguo kutoka dirishani,
uudake usiudake.
Neno likirudiwa limeshachelewa,
mazungumzo yatageuka kigugumizi;
kwa hiyo lipoteapo huachwa,
na lifuatalo hupita juu yake.

Nikasema, "Lile haliulizwi, Mama."
Akanitazama kama nimemfungia mlango.

Nikamwandikia Famau: Ulisema ndipo utakapo nini?
Tiki moja, ya kijivu.
Saa saba za usiku; saa za Doha ni saa zetu.
Mama hajalala. Ameiweka simu sikioni
ingawa hakuna anayezungumza.

Nikaandika tena, maneno yale yale.
Tiki moja.

Hodi ya kwanza, nikahesabu.
Hodi ya pili.